Nyumba ya Mzee Haimaliziki kwa Kuezekwa



Makazi ya wazee ni miongoni mwa masuala ambayo kila mtu hukubali kuwa ni mazito, na kila mtu humngoja mwenzake ayaanze. Mikutanoni husemwa kuwa wazee ni hazina ya taifa, makofi hupigwa, kisha ajenda inayofuata husomwa. Yafaa suala hili litolewe katika makofi na liwekwe mezani pa wale wanaoshika kalamu za bajeti na daftari za viwanja. Na ili lisije likawa la hewani, lizungumzwe kwa kutazama mahali pamoja panapojulikana: Ilemela, mkoani Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela ilianza mwaka 2012, baada ya Jiji la Mwanza kugawanywa na upande wa pili kubaki Nyamagana. Sensa ya mwaka huo ilihesabu Ilemela watu 343,001. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 509,687. Ni kusema kwamba katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya 166,000. Wengi wao ni vijana na watoto, na ndiyo maana mipango mingi huwatazama wao kwanza: madarasa, barabara, ajira. Lakini pamoja na vijana hao wamo wazee. Kwa nchi nzima sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu wenye miaka 60 na zaidi wakiwa takriban milioni 3.5, kati ya watu wote 61,741,120. Hawafiki sita katika kila mia. Hesabu hiyo ni ndogo kwa kuisoma, lakini ni kubwa kwa kuitafutia pa kulala.

Mzee ana watoto wake

Pana hoja moja ambayo haina budi kujibiwa kabla ya nyingine zote. Wapo wasemao kuwa nyumba za wazee ni jambo la Wazungu. Kwamba mzee wa Kiafrika hutunzwa na wanawe nyumbani kwake, na kumjengea mzee nyumba nyingine ni kuwafundisha vijana kuwatupa wazazi. Hoja hii isidharauliwe, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe iliweka msingi huo: familia na jamii ndizo za kwanza katika kumtunza mzee, na makao ya kulelewa ni hatua ya mwisho kabisa.

Lakini sera hiyo haikusema kwamba kila mzee anayo familia, wala kwamba kila familia inayo nafasi. Kijana anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akiishi na mke na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga, hamtupi mama yake kwa kukosa upendo. Anamkosea mahali pa kumweka. Aidha, wapo wazee ambao watoto wao walitangulia mbele ya haki na kuwaachia wajukuu. Wapo wajane waliotolewa katika nyumba na ndugu wa marehemu. Na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa haiwezi kusahauliwa aibu ya vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, ambapo macho mekundu, yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Bibi aliyekimbia kijiji kwa sababu hiyo hawezi kuambiwa arudi kwa ukoo wake ukamtunze.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipokataa mtu mzima mwenye nguvu kuishi kwa jasho la mwenzake, liliwatoa katika katazo hilo watoto wadogo, wazee wasiojiweza na watu ambao ulemavu umewazuia kufanya kazi. Maana yake ni nyepesi kueleweka: mtu akishatoa nguvu zake zote, kutunzwa kwake ni haki, wala si sadaka.

Makao na nyumba ni vitu viwili

Inapotajwa nyumba ya wazee, akili ya wengi hukimbilia makao ya kulelewa. Serikali inayo makao ya namna hiyo katika mikoa kadhaa, na kwa watu wa Mwanza yaliyo karibu ni yale ya Bukumbi, wilayani Misungwi. Yapo Kolandoto huko Shinyanga, Njoro huko Kilimanjaro, Fungafunga huko Morogoro na Nunge huko Dar es Salaam. Visiwani yapo Sebleni na Welezo, Unguja, na Limbani, Pemba. Baadhi ya makao haya yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma, na kazi yake mpaka leo ni kuwapokea wale wasio na mtu wala kitu. Ni kazi ya heshima, na haina budi kuendelea.

Lakini kati ya mzee asiye na mtu wala kitu na mzee mwenye nyumba yake na wana wa kumtunza, liko kundi la tatu ambalo halisemwi. Huyu bado anajipikia. Anayo pensheni ndogo, au anauza mboga, au anatumiwa chochote na mwanawe mwisho wa mwezi. Hahitaji kulelewa. Anahitaji chumba chenye mlango wake na ufunguo wake, mahali pasipo na ngazi ya mawe, penye maji karibu, kwa kodi anayoiweza. Mzee huyo hafai kupelekwa Bukumbi, na hawezi kushindana na wapangaji vijana katika soko la vyumba, ambamo mwenye nyumba huomba kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Nyumba zinazozungumzwa hapa ni za mtu huyo.

Na Ilemela mtu huyo anajulikana. Atazamwe mkazi wa milimani, Kitangiri, Nyamanoro au Ibungilo, ambako nyumba zimejengwa juu ya majabali na njia zake ni za kupanda na kushuka. Aliyejenga huko akiwa na miaka 30 alipanda na ndoo ya maji kichwani bila kuhema. Akiwa na miaka 75, kilima kilekile kimekuwa gereza lake: hateremki kwenda zahanati mpaka abebwe. Atazamwe pia mwalimu aliyeishi miaka yote katika nyumba ya shule, naye siku ya kustaafu hana budi kukabidhi ufunguo. Kiinua mgongo chake kikimaliza karo za watoto na deni la benki, mabati hayapatikani.

Historia inavyofundisha

Nchi hii si ngeni katika ujenzi wa nyumba za umma. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba Tanzania ilifungua milango. Mwaka 1974 ulianza mradi wa viwanja vyenye huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya awamu ya kwanza, pamoja na Dar es Salaam na Mbeya. Kijana wa miaka 25 aliyepata kiwanja wakati ule sasa amepita miaka 70. Ni mzee wa leo.

Yote hayo yalikuwa makubwa, wala hapana haja ya kuyabeza. Lakini ni vyema kuuliza yalikwama wapi. Majengo ya Msajili hayakuharibika kwa ubaya wa saruji. Yalijengwa imara, na mengine yamesimama hadi leo. Yaliharibika kwa sababu kodi zilibanwa chini kwa miaka mingi huku bei ya rangi, mabomba na nyaya ikipanda, hasa katika miaka ya 1980. Wapangaji wengine hawakulipa hata hicho kidogo, na mapato hayakutosha matengenezo. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba, nalo shirika likarithi majumba pamoja na nyufa zake. Benki ya Nyumba nayo ilikopesha, lakini mikopo mingi haikurejeshwa, na ilipofika mwaka 1995 ilifungwa.

Somo la pili lipo Ilemela kwenyewe, katika mtaa ambao watu huuita Kiseke PPF, kutokana na nyumba zilizojengwa hapo na uliokuwa Mfuko wa Pensheni wa PPF kabla ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018 na kuzaa PSSSF. Zile zilikuwa nyumba za kuuzwa. Wapo walionufaika, na mtaa ulikua. Lakini nyumba ya kuuzwa humhitaji mnunuzi mwenye mshahara wa miaka mingi mbele yake, na mzee ndiye mtu ambaye mshahara wake umekwisha. Hapana benki itakayomkopesha mtu wa miaka 68 kwa miaka 20.

Somo la tatu lipo Magomeni, Dar es Salaam. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za zamani za Kota zilihamishwa, nyumba zikabomolewa, na kwa takriban miaka kumi wakazi wale wakangoja. Mwezi Machi mwaka 2022 magorofa mapya yalizinduliwa na wenyewe wakarudi, kwa ahadi ya kukaa miaka mitano bila kodi, na baadaye kupewa nafasi ya kuzinunua nyumba hizo. Lilikuwa jambo la haki. Hata hivyo jengo la aina ile, popote lilipo, huleta maswali ambayo nyumba ya chini haikuwahi kuyauliza: lifti ikisimama ni nani humwita fundi, na nani humlipa? Taa ya ngazini ikiungua ni mali ya nani? Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ilitungwa ili kuyajibu maswali hayo, kwa kutenganisha sehemu ya kila mmiliki na sehemu za pamoja, na kuwataka wamiliki wawe na chombo cha kuzisimamia. Lakini sheria hiyo huwahusu wamiliki. Pale ambapo mmiliki ni halmashauri na wakazi ni wapangaji wazee, mzigo wote hubaki kwa halmashauri.

Kwa kujumlisha, masomo hayo matatu yanasema neno moja. Nyumba ya umma hujengwa mara moja, na hapo wakubwa huja kukata utepe. Lakini huendeshwa kila siku, na siku hizo hapana utepe. Kwa hiyo anayepanga nyumba za wazee aanze na uendeshaji kabla hajachora msingi.

Wengine wamefanyaje

Mpango Kabambe wa Mwanza wa miaka 2015 hadi 2035, ambao unaihusu Ilemela pamoja na Nyamagana, ulitayarishwa kwa ushirikiano na kampuni ya Surbana ya Singapore, ambayo asili yake ni Bodi ya Nyumba na Maendeleo ya nchi hiyo. Maadamu watu wa bodi ile wameshaitazama ramani ya Mwanza, si vibaya watu wa Mwanza nao wakaitazama kazi ya bodi ile.

Bodi hiyo iliundwa mwaka 1960, na kwa wazee imefanya mambo mawili yanayostahili kuangaliwa. La kwanza ni muda. Tangu mwaka 2015 mtu wa miaka 55 au zaidi anaweza kununua haki ya kuishi katika nyumba ndogo kwa kipindi cha kati ya miaka 15 na 45, badala ya miaka 99. Hulipia muda atakaouhitaji, na bei hushuka. La pili ni ujirani. Katika eneo la Woodlands, jengo liitwalo Kampung Admiralty, yaani kijiji cha Admiralty, limeweka nyumba 104 za wazee juu ya kituo cha matibabu, mabanda ya chakula na shule ya watoto wadogo. Mzee hushuka akakuta daktari, chakula na kelele za watoto.

Marekani nayo, kwa sheria ya nyumba ya mwaka 1959, ilianza kuzikopesha jumuiya zisizotafuta faida ili zijenge nyumba za kupangisha wazee. Leo mpangaji wa nyumba hizo hulipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake, na serikali hufidia pengo linalobaki. Kodi humfuata mtu, haikifuati chumba.

Ilemela si Singapore, na hazina yake si ya Marekani. Kunakili magorofa yao kungekuwa upuuzi. Lakini mambo matatu yaliyotajwa, yaani haki ya kuishi kwa muda, huduma kuwa mlangoni, na kodi kulingana na kipato, hayahitaji utajiri. Yanahitaji uamuzi.

Hesabu ya nyumba 24

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba Halmashauri imejenga nyumba 24 za wazee mahali tambarare, tuseme upande wa Buswelu, kila nyumba ikiwa na chumba, jiko na choo chake, na kodi ikawekwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Wote wakilipa, zitapatikana shilingi 960,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 11,520,000 kwa mwaka. Theluthi moja, yaani shilingi 320,000 kila mwezi, iwekwe katika mfuko wa matengenezo. Zitabaki 640,000. Wakilipwa mlinzi na mwangalizi shilingi 200,000 kila mmoja, zitabaki 240,000 kwa maji ya uani, taa za nje na usafi. Hesabu inasimama.

Sasa ichukuliwe kwamba wazee kumi hawawezi kulipa. Nao watakuwapo, kwa kuwa nyumba zimejengwa kwa ajili ya watu kama wao. Shilingi 400,000 zimepotea kila mwezi. Mlinzi hawezi kukaa bila mshahara, na maji yasipolipiwa hukatwa. Kitu kisicholalamika ni paa. Kwa hiyo mfuko wa matengenezo ndio utakaoliwa kwanza, na baada ya miaka kumi nyumba za wazee zitakuwa magofu, na watu watasema kwamba Mwafrika hawezi kutunza nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, nao hawakuwa wahasibu.

Dawa yake si kuwafukuza wale kumi. Dawa ni kuandika katika bajeti ya Halmashauri, tangu mwaka wa kwanza, kifungu cha kufidia kodi yao. Shilingi 400,000 kwa mwezi ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Mambo hayo yakiandikwa hujadiliwa, hupitishwa na hukaguliwa. Yasipoandikwa huitwa huruma, na huruma ya serikali isiyo na kifungu hulipwa na mali ya umma. Yafaa pia ikumbukwe kwamba utaratibu uliowekwa kisheria mwaka 2018, wa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba, uliwagawia wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Wazee kama wazee hawakutajwa. Hapana sababu ya kunyang'anya fungu la mtu. Bali ipo sababu ya kuuliza fungu la wazee litatoka wapi. Huko Zanzibar swali hilo lilijibiwa kwa njia nyingine: tangu mwaka 2016 serikali humlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii, awe aliajiriwa au la. Mzee mwenye kipato cha uhakika, hata kiwe kidogo, ni mpangaji anayeweza kupangiwa hesabu.

Bodi na kanuni zake

Nyumba hizo zikabidhiwe kwa bodi ndogo ya nyumba za wazee, isiyokuwa ya wanasiasa wala ya mtu mmoja. Awemo mhandisi, awemo afisa ustawi wa jamii, awemo mtu wa afya, awemo mwenyekiti wa mtaa ambamo nyumba zimejengwa. Baraza la Wazee la kata lilete wajumbe wawili, mmoja mwanamke. Na wapangaji wenyewe wamchague mjumbe wao, kwa kuwa penye wazee haliharibiki neno, na hao ndio wanaolala ndani.

Kazi ya kwanza ya bodi ni kuchagua wapangaji, na hapo ndipo penye mtego. Nyumba nafuu zikiwa 24 na wahitaji wakiwa mia, kila mkubwa atakuwa na shangazi yake. Njia ya kuepuka hayo ni moja: vigezo viandikwe kabla maombi hayajapokelewa, orodha ya waombaji na alama zao ibandikwe katika ofisi ya kata, na mwenye malalamiko apewe siku za kulalamika. Orodha iliyobandikwa ukutani ni mlinzi kuliko askari.

Kazi ya pili ni kodi. Ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, isipokelewe mkononi na mtu yeyote, hata awe mwangalizi mwenyewe. Mzee asiyejua simu asaidiwe na apewe stakabadhi yake.

Kazi ya tatu ni kuweka kanuni za kuishi zinazoyajua maisha ya watu wa hapa. Kanuni ikisema kwamba nyumba ni ya mtu mmoja tu, itamfungia nje bibi anayelea mjukuu yatima, naye ndiye mhitaji wa kwanza. Mjukuu aruhusiwe, lakini ijulikane kwamba mjukuu harithi nyumba. Msaidizi wa kumuuguza mzee aruhusiwe kwa kibali. Jiko la mkaa lipewe mahali pake penye kupitisha moshi, maana kulikataza tu hakutalizima. Uwepo uwanja wa kuweka turubai, kwa sababu katika nyumba za wazee misiba itakuwapo, na msiba wa Kiafrika hauketi chumbani. Na mpangaji anapofariki, ndugu zake wapewe muda unaojulikana wa kuomboleza na kuchukua vitu vyake, kisha ufunguo urudi kwa bodi na anayefuata katika orodha aitwe. Jambo hili lisipoandikwa mapema, nyumba za wazee zitakuwa za warithi katika kizazi kimoja.

Kazi ya nne ni matengenezo. Mwangalizi akae hapohapo, awe na daftari la mabomba, paa na nyaya, na bodi ilikague kila mwezi. Jengo lenyewe lisaidie: liwe la chini, au la orofa moja tu juu, wanyonge wakae chini na wenye miguu wakae juu, pasiwe na lifti ya kungojea fundi. Milango ipitishe kiti cha magurudumu. Chooni pawe na vishikio. Mambo haya yakifanywa wakati wa kujenga ni ya bei ndogo. Yakifanywa baadaye ni ya kuvunja kuta.

Na mahali pa kujenga pasiwe porini kwa sababu tu kiwanja kimepatikana bure. Mzee aliyewekwa mbali na soko, zahanati, msikiti au kanisa amefichwa, hakupewa makazi. Na kwa bibi aliyewahi kunyooshewa kidole, majirani wanaomjua kwa jina na kumwamkia asubuhi ni ulinzi ambao ukuta hauwezi kuutoa.

Wajibu wa mwenye kalamu

Ndugu watumishi, ndugu walimu, pengine mtu atauliza suala hili linamhusuje yeye aliye kazini. Jibu halihitaji maneno mengi. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Anayepanga viwanja leo atakuwa mpangaji kesho. Mwalimu anayemfundisha mtoto wa Kiseke kusoma atahitaji siku moja mtoto huyo, akiwa diwani au mhandisi, akumbuke kwamba mzee hupanda ngazi kwa magoti.

Kwa hiyo afisa ardhi anapoigawa Buswelu, Nyamhongolo au Kahama kwa viwanja vya makazi, biashara na viwanda, atenge na cha wazee, kiandikwe katika ramani na kisibadilishwe matumizi. Mhasibu aandike kifungu cha kufidia kodi na kifungu cha matengenezo, na avitetee. Afisa ustawi wa jamii atengeneze daftari la wazee wa kata yake, nani anakaa wapi, na nani, na kwa kipato gani. Kwa kuwa anayejenga bila daftari hujengea mtu wa kufikirika. Mwalimu awafundishe watoto kwamba jungu kuu halikosi ukoko, na kwamba jungu hilo linastahili jiko lake.

Kuezeka ni kazi ya siku chache. Kazi iliyobaki ni ya miaka hamsini, nayo haina sherehe wala mgeni rasmi. Manispaa itakayoikubali kazi hiyo ya kimya, ikaanza hata na nyumba kumi tu zinazoendeshwa vizuri, itakuwa imewapa wazee wake kitu kikubwa kuliko makofi.